Mafunzo ya endoskopi kwa ndege, kobe na sungura: waanzie kwenye sanduku au kwenye mzoga?

Mratibu_Vitendo aliuliza:

Habari za kazi wakuu. Naandaa mafunzo ya vitendo ya siku 2 kwa madaktari wa wanyama 8. Wote wanapasua mbwa na paka bila wasiwasi, ila endoskopu ngumu (fimbo nyembamba yenye lenzi ya kuchungulia ndani ya mwili) ndani ya kasuku au kobe hawajawahi kuishika. Vifaa vilivyopo:

- endoskopu 2 za milimita 2.7, urefu sentimita 18, pembe ya nyuzi 30, kila moja na ala yake ya kufanyia kazi (mrija unaoivika na kupitisha vifaa);
- endoskopu 1 ya milimita 1.9;
- koleo za kukata vinofu (vipande vidogo vya sampuli), koleo za kushikia na mikasi, vyote vya 5 Fr (unene wa kama milimita 1.7);
- kamera 2, taa 2, na mashine 1 ya kujaza gesi ya CO2.

Mpango wangu wa awali: siku ya 1 asubuhi ni nadharia, mchana mizoga ya njiwa na kuku. Siku ya 2 asubuhi kobe, mchana ndege hai.

Naomba mnisaidie kwenye mambo manne. Je, mazoezi ya sanduku (kuendesha lenzi ndani ya chombo badala ya mnyama) yana faida kweli au ni kupoteza muda kwa watu ambao tayari ni wapasuaji? Mizoga iandaliwe vipi? Kipi huharibika mara nyingi, kwenye mnyama na kwenye vifaa? Na nitajuaje kwamba mtu fulani yuko tayari kwa mnyama hai? Ukiona mpango wenyewe una kasoro, sema tu.

---

Lenzi30 alijibu:

Mkuu, kasoro ya kwanza ni kuwapeleka watu kwenye mzoga kabla hawajajua kuiendesha lenzi. Mpasuaji mzoefu ndiye anayesumbuka zaidi hapa, kwa sababu mikono yake imezoea kufuata macho moja kwa moja. Kwenye endoskopi macho yako kwenye skrini, na lenzi ya nyuzi 30 haitazami mbele moja kwa moja, inatazama kwa mshazari. Akitaka kuona kilicho kushoto anasukuma fimbo yote kushoto, ncha inagonga ini, skrini inakuwa nyekundu tupu, halafu anauliza kama taa imeharibika.

Kwa hiyo saa mbili za kwanza zisiwe na kifaa chochote kwenye ala. Lenzi tupu na sanduku.

Jambo la kwanza la kufundisha ni kutenganisha kamera na endoskopu. Kamera hubaki wima wakati wote, kitufe cha juu kikiwa juu, la sivyo picha inapinduka na mtu anapoteza juu na chini. Kinachozungushwa ni endoskopu yenyewe, kwa kidole kimoja kwenye kishina kinapochomekwa kebo ya mwanga. Lenzi hutazama upande ulio kinyume na kishina hicho: kebo ikining'inia chini, unaona juu, ukiipeleka kulia, unaona kushoto. Mwambie kila mshiriki aitamke kwa sauti kabla ya kuzungusha. Inaonekana ya kitoto, lakini baada ya nusu saa hakuna anayebahatisha.

Zoezi la kikombe: chukua kikombe cha plastiki kisichopitisha mwanga, bandika ndani herufi za urefu wa milimita 2 hadi 3. Weka nyingine kwenye kitako, nyingine ukutani pande zote nne, na mbili au tatu chini kabisa ya ukingo wa juu. Funika mdomo kwa kipande cha glavu, toboa tundu moja katikati. Mshiriki asome herufi zote bila ncha kugusa plastiki. Zile za chini ya ukingo hazisomeki mpaka azungushe lenzi na kuinua mkono kidogo, na hapo ndipo atakapoelewa kwa nini tulinunua nyuzi 30 badala ya sifuri.

Zoezi la pili ni pilipili hoho, na hili usiliache. Toboa tundu la milimita 5 chini yake, ingiza endoskopu ikiwa ndani ya ala, na sasa ndiyo mnaleta vifaa. Kazi tatu kwa mpangilio: ng'oa mbegu 5 kwa koleo ya kushikia, kata vinofu 3 kutoka kwenye utando mweupe, kata utando mmoja kwa mkasi. Hoho nyekundu ni bora kuliko ya kijani kwa sababu mwanga unarudi vizuri na utando mweupe unaonekana dhahiri. Akimaliza, ipasue mbele yake kwa kisu mhesabu makovu kwenye ukuta wa ndani. Kila kovu ni mahali ambapo ncha au koleo iligusa bila yeye kujua. Hakuna hotuba inayofundisha kama kovu hilo.

Namna ya kupitisha kifaa: rudisha ncha nyuma kidogo ili ubaki na nafasi, pitisha kifaa mpaka kionekane kwenye picha kikiwa kimefungwa, kisimamishe milimita 5 hadi 10 mbele ya lenzi, kisha songeza endoskopu na kifaa kama kitu kimoja. Kifaa hutokea upande uleule wa picha kila mara, kwa hiyo kinofu unachokitaka kiweke upande huo kwanza ndipo utoe koleo. Wanaoanza hufanya kinyume: wanatoa koleo mbali, halafu wanaitafuta.

Watu 8 kwa endoskopu 2 ni wanne kwa moja. Wengi mno. Tengeneza vituo viwili vya ziada kwa kamera ya kompyuta ndani ya boksi la kadibodi na koleo ndefu za kawaida. Hapo wafanye mazoezi ya matundu mawili, yale ya kuhamisha vipande 6 kutoka vijiti vya kushoto kwenda vya kulia na kurudi, na kukata duara kwenye shashi. Haya yametoka kwenye mafunzo ya laparoskopi (upasuaji wa tumbo kwa matundu madogo) ya binadamu na yanafaa kwa atakayekuja kufanya upasuaji wa matundu mawili au matatu. Kwa uchunguzi wa tundu moja, ambao ndio mwingi kwa wanyama hawa, hoho ina faida zaidi. Wazungushe kila dakika 30.

---

Manyoya_na_Mifupa alijibu:

Naunga mkono Lenzi30. Naongeza upande wa ndege.

Mizoga: iwe mibichi, iliyokaa kwenye jokofu nyuzi 4 za Selsiasi na isiyozidi siku moja. Usigandishe. Mzoga uliogandishwa ukiyeyuka, kuta za vifuko vya hewa (mifuko myembamba iliyounganika na mapafu ya ndege) zinakuwa ukungu na maji ya rangi ya damu yanajaa mle mnamotakiwa kuwa na hewa tupu, mshiriki anaona supu. Formalini ndiyo kabisa usifikirie: viungo vinakuwa vigumu na vya rangi moja. Njiwa ni mzuri kwa mkono wa kwanza. Kuku wa mayai aliyekomaa hafai, ovari yenye viini na mafuta hujaza nafasi yote. Tafuta mtetea mdogo au jogoo mchanga. Ndege mnene hata akiwa hai hatufurahii kumwingia, kwa sababu mafuta hubandika ncha ya lenzi na picha inakuwa maziwa.

Vaeni barakoa zinazochuja vizuri (za aina ya N95) na glavu, na manyoya yaloweshwe kwa maji yenye sabuni kabla ya kunyonyoa. Ugonjwa wa Chlamydia psittaci huingia kwa kuvuta vumbi la manyoya na kinyesi, na njiwa na kasuku ni wabebaji wazuri. Msitumie mizoga ya ndege waliokufa kwa sababu isiyojulikana.

Njia ya kuingilia wafundishwe moja tu siku ya kwanza, ya ubavu wa kushoto. Kushoto kwa sababu kwa ndege jike wengi ni ovari ya kushoto pekee inayokua. Ndege alale ubavu wa kulia, mabawa yote mawili yainuliwe juu ya mgongo, mguu wa kushoto uvutwe mbele na ufungwe. Papasa ubavu wa mwisho. Papasa na msuli mwembamba unaotoka nyuma ya nyonga kuja kwenye mguu. Pale ukingo wa chini wa msuli huo unapokutana na ubavu wa mwisho, ndipo mahali pake. Kata ngozi tu, milimita 4 hadi 5 ikiwa unatumia ala ya kufanyia kazi, usikate msuli. Inua msuli kuelekea juu, chukua koleo ndogo ya kuzuia damu iliyopinda na kufungwa, sukuma chini ya msuli nyuma tu ya ubavu. Utasikia mguso mdogo wa kitu kuachia, kama kutoboa karatasi iliyokazwa. Hapo simama. Fungua koleo kidogo, itoe ikiwa imefunguliwa hivyohivyo, ingiza lenzi.

Ukiingia sawasawa umo kwenye kifuko cha hewa cha kifua cha nyuma. Mbele utaona pafu, la waridi. Upande wa chini ini. Katikati tumbo la kwanza, lile lenye tezi. Nyuma kuna utando mwangavu, na ng'ambo yake figo. Toboa utando huo mahali pasipo na mshipa, uingie kifuko cha tumbo. Kwenye ncha ya mbele ya figo kuna vitu vitatu vinavyokaa pamoja: figo lenyewe, tezi ya adrenali ya manjano au waridi, na kiungo cha uzazi. Wafundishe kutafuta utatu huo, wasianze kutafuta korodani. Korodani ni laini na ya umbo la haragwe. Ovari changa ni bapa, yenye chembechembe, na mbele ya figo hupita kano inayoshikilia mrija wa mayai. Tahadhari: kwa baadhi ya kasuku korodani huwa nyeusi, na anayetegemea rangi atakosea jinsia.

Makosa ya kuingilia ni matatu na kila moja lina picha yake. Akiona waridi yenye matundumatundu imejaa skrini, ameingia mbele mno, yuko kwenye pafu. Akiona mikunjo ya utumbo mara moja, ameingia nyuma mno. Akiona nyekundu tupu isiyobadilika, ncha imegusa kiungo: arudi milimita 3 kabla ya kufanya kingine chochote. Damu kidogo ya ukutani mara nyingi huacha yenyewe ndani ya dakika moja, asisuguesugue.

Na hili liandikwe ukutani kwa herufi kubwa: kwenye vifuko vya hewa vya ndege hakuna kujaza gesi wala maji. Nafasi tayari ipo, ndiyo neema ya ndege. Maji ya chumvi yakiingia kwenye kifuko yanakwenda kwenye pafu na ndege anazama mbele yenu. Maji ni ya kloaka (tundu la pamoja la kinyesi, mkojo na uzazi) na kibofu cha chakula (gole), kichwa kikiwa juu na mrija wa kupumulia ukiwa ndani.

---

Gamba_Gumu alijibu:

Hapo kwa "hakuna gesi wala maji" nakubali kwa ndege, ila mshiriki asije akaondoka na imani hiyo akaipeleka kwa kobe. Kobe, mjusi na nyoka hawana vifuko vya hewa namna ile. Viungo vimelaliana na bila kujaza kitu huoni kitu.

CO2 kwa shinikizo la milimita 2 hadi 5 za zebaki inatosha, mtiririko wa polepole. CO2 na si hewa ya kawaida, kwa sababu huyeyuka haraka kwenye damu na hatari ya kipovu kuziba mshipa ni ndogo. Usipande juu ukitafuta picha nzuri: kobe hana kiwambo cha kutenga mapafu kama mamalia, shinikizo lote linaelemea mapafu yaliyo juu chini ya gamba. Kwa kobe wachanga, ambao mara nyingi tunawachungulia kutafuta jinsia, maji ya chumvi yaliyopashwa joto yanashinda gesi. Viungo vinaelea, mwanga haung'ai kupita kiasi, na ncha hujisafisha yenyewe. Ubaya wake ni kwamba tone moja la damu linachafua picha yote, ndiyo maana kwa vinofu narudi kwenye gesi.

Njia ya kuingilia ni shimo lililo mbele ya mguu wa nyuma. Mguu uvutwe nyuma ufungwe. Kibofu kimwagwe kwanza kama inawezekana, maana kibofu kilichojaa ndicho kinachotobolewa na wanaoanza. Kata ngozi katikati ya shimo kwa mstari wa mbele-nyuma, kisha tenganisha kwa koleo butu ukielekea mbele na ndani, usielekee juu. Utando wa mwisho ni mgumu kuliko wanavyotarajia. Husukumwa, unarudi, husukumwa, unarudi, halafu mtu anakasirika na kutia nguvu. Hapo ndipo koleo inapochupa mpaka kwenye kibofu. Afadhali aushike utando kwa koleo mbili na kuukata kidogo akiuona.

Usingizi wa kobe una mitego miwili. Mirija yake ya hewa ina pete kamili kama ya ndege, kwa hiyo mrija wa kupumulia usiwe na puto. Na mrija wa hewa wa kobe hugawanyika mapema, karibu na shingo: ukiingiza mrija mrefu unapumulia pafu moja tu. Pima, kata. Wengi huacha kupumua wakilala, basi wapewe pumzi 2 hadi 6 kwa dakika kwa mkono au mashine, na joto la mwili libaki ndani ya kiwango cha aina hiyo ya kobe, maana kobe aliyepoa haamki leo.

Kabla ya kushona, bonyeza taratibu gesi yote itoke. Kobe wa majini akibakiwa na gesi upande mmoja ataelea ameinama. Ngozi ishonwe kwa mishono inayogeuza kingo nje, kwa sababu ngozi ya reptilia hupenda kujikunja ndani na haitaungana. Nyuzi zikae wiki 6 hadi 8.

Sungura hujamtaja kwenye mpango ingawa yuko kwenye kichwa cha mada. Mweke kwa saa moja, mdomoni tu. Lenzi ileile ya nyuzi 30 inaonyesha ncha kali za magego ambazo taa ya kawaida haizioni: za chini huota kuelekea ulimi, za juu kuelekea shavu. Laparoskopi ya sungura usiiguse kwenye siku 2. Utumbo mpana wa upofu umelala moja kwa moja chini ya ukuta wa tumbo, na sindano ya kujazia gesi ikiingizwa bila kuona huishia humo.

---

Fundi_wa_Vioo alijibu:

Umeuliza kipi huharibika. Kwenye vifaa, jibu ni endoskopu ya 2.7, na sababu karibu zote ni za mikono. Ndani yake kuna mfululizo wa vijiti vya kioo, muundo aliobuni Harold Hopkins mwaka 1959. Vijiti hivyo ndivyo vinavyotoa picha safi, na ndivyo vinavyopasuka ukipinda fimbo. Ya 1.9 ni dhaifu zaidi, na siku ya kwanza nisingeiweka mezani kabisa.

Mambo ambayo mwalimu ayakemee papo hapo:

Kwanza, kufungua taya za koleo kabla hazijatoka kwenye ala. Taya zikifunguka ndani, zinabana au kukwangua kioo. Kanuni ni kwamba bawaba ya koleo lazima ionekane kwenye skrini ndipo kidole kifungue. Kurudisha ni hivyohivyo, imefungwa.

Pili, kutumia endoskopu kama mtaimbo. Mtu akitaka kuinua ini anainua kwa fimbo. Kivuli cheusi cha nusu mwezi kikitokea pembeni mwa picha, fimbo inapinda sasa hivi, aache, alegeze.

Tatu, kushika endoskopu kwa ncha, au kuiinua mezani kwa mkono mmoja wakati kamera nzito imeunganishwa. Ishikwe kwenye shingo nene, upande wa macho.

Nne, kebo ya mwanga. Ikichomolewa na taa ikaachwa inawaka, ncha yake inachoma kitambaa, na ikilazwa juu ya ndege inachoma ndege. Taa iende kwenye hali ya kusubiri kila mara. Kebo isikunjwe kwa mduara mdogo. Kuipima: elekeza upande mmoja kwenye taa ya chumba, tazama mwingine. Kila kidoti cheusi ni uzi wa kioo uliokatika. Vikifika robo ya uso wote, badilisha kebo kabla hujalaumu kamera.

Picha yenye ukungu ina vyanzo vitatu. Ukungu unaoondoka ukifuta ncha ni tofauti ya joto: loweka ncha kwenye maji ya chumvi ya nyuzi 40 kabla ya kuingia, au igusishe taratibu kwenye utando laini ndani ya mnyama. Ukungu unaoondoka ukifuta jicho la nyuma ni unyevu kati ya kamera na endoskopu. Usioondoka kote kuwili ni maji yaliyopenya ndani ya endoskopu, hiyo ni ya kupeleka kwa fundi. Na kabla ya yote hayo, rangi nyeupe isawazishwe kwa shashi nyeupe kila taa inapowashwa. Bila hivyo ini lenye afya linaonekana la manjano na mtu anakata kinofu kisicho na sababu.

Usafi kati ya mzoga na mzoga: maji yenye kimeng'enya, brashi laini kwenye mifereji ya ala, suuza. Kati ya mnyama hai na mwingine huo hautoshi. Ortho-ftalaldehaidi ya asilimia 0.55 kwa dakika 12 katika nyuzi 20, au glutaraldehaidi ya asilimia 2 kwa muda ulioandikwa kwenye chombo, kisha suuza kwa maji tasa mara tatu. Mabaki ya dawa hizo huunguza utando wa ndege. Otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke) ni kwa endoskopu iliyoandikwa kwamba inahimili tu, na ikitoka ipoe yenyewe. Kuimwagia maji ya baridi kunapasua gundi ya kioo. Na endoskopu haiingii kamwe kwenye chombo cha kusafishia kwa mawimbi ya sauti. Koleo na mkasi, sawa. Vifaa vya mizoga viwekwe alama na visirudi kwa mnyama hai mpaka vimepitia hatua zote.

---

Mratibu_Vitendo aliandika:

Nashukuru sana wakuu, mpango nimeufumua. Yamebaki mawili. Vinofu: wenzetu wa maabara wanalalamika kwamba sampuli za 5 Fr hazisomeki. Na ndege hai: je, ni sawa kumtumia ndege mzima asiye na tatizo kwa ajili ya kufundishia?

---

Manyoya_na_Mifupa alijibu:

Kinofu cha 5 Fr kinatoka kwenye koleo ya milimita 1.7, kwa hiyo ni kidogo kama punje ya mchanga mkubwa, na kinaharibika kwa kuguswa. Mara nyingi kosa si udogo. Mtu anakitoa kwenye taya kwa kukivuta kwa koleo nyingine, seli zinapondeka. Tumbukiza taya kwenye kichupa chenye maji kidogo ya chumvi, fungua, tikisa, kinaelea. Kisipotoka, kisukume kwa ncha ya sindano. Kiweke juu ya karatasi ya chujio ndani ya kaseti, kisha formalini ya asilimia 10. Kisiachwe juu ya shashi kavu hata dakika mbili. Chukua 2 hadi 4 kutoka kila kiungo, na kimoja cha kuotesha vijidudu kitengwe kabla formalini haijafunguliwa.

Kwa ini la ndege kuna hatua inayosahaulika: ini limefunikwa na utando wake. Kata tundu kwenye utando huo kwa mkasi kwanza, kisha kata kinofu kwenye ukingo wa ini, ambapo ni wembamba. Ukiuma katikati ya ini juu ya utando unapata utando, na damu unapata pia.

Kuhusu ndege hai, msimamo wangu ni huu: aingizwe mnyama mwenye sababu ya kitabibu tu, kwa idhini ya mwenye mnyama na ya kamati ya maadili ya mahali penu. Tundu moja, mtu mmoja, dakika 20. Asiyemaliza anampisha mwalimu. Kupokezana watu watatu juu ya ndege mmoja ndiko kunakoua, na si upasuaji wenyewe: ndege anapoa, kifuko kiko wazi, isoflureni (dawa ya usingizi ya kuvuta) inavuja kupitia tundu, ndege anaanza kuamka, mtu anapandisha dawa. Awe na mrija wa kupumulia, apewe pumzi wakati wote, isoflureni kati ya asilimia 1.5 na 2.5, na kuwe na mtu wa usingizi ambaye hana kazi nyingine na haruhusiwi kutazama skrini. Mwenye maji tumboni au anayevuja damu ovyo haguswi.

---

Lenzi30 alijibu:

Vigezo vya nani yuko tayari, maana hilo halijajibiwa. Navipanga hivi, na vyote vikaguliwe na mtu asiyemfundisha mshiriki huyo:

Asome herufi zote za kikombe, za chini ya ukingo zikiwemo, bila kugusa. Amalize hoho mbili mfululizo pasipo kovu ukutani. Kwenye mizoga mitatu tofauti aingie, ataje pafu, ini, tumbo, figo, adrenali na kiungo cha uzazi kwa kuvielekeza kwa ncha ya lenzi, kisha mzoga upasuliwe tuone kama alichokitaja ndicho. Kwenye mzoga wa mwisho atoe vinofu viwili vya ini, na vipimwe kwa macho kama ni ini au ni utando tu.

Kwa siku 2 na watu 8, tarajia kwamba si wote watavipita. Ndege hai wa siku ya pili mchana waendeshwe na mwalimu, na waliopita wakishika lenzi kwa kuangalia tu, bila koleo. Nadharia ifupishe iwe dakika 45, ile nyingine waisome kabla ya kuja. Na skrini iwe mbele ya uso wa anayefanya, mnyama katikati, wote kwenye mstari mmoja. Meza ishushwe mpaka viwiko vikae nyuzi 90. Ukiona mtu anapinda shingo kutazama skrini ya pembeni, mikono yake itapotoka baada ya dakika kumi, na utadhani ni mgumu kuelewa.